Trei ya shawa kwenye mpaka wa jabali na kifusi: kisa cha bafu la Isamilo

Nyumba iko Isamilo, upande unaotazama ziwa, kwenye kiwanja cha mteremko kama viwanja vingi vya kilima kile. Nusu ya nyuma imekaa juu ya jabali. Nusu ya mbele imekaa juu ya kifusi kilichojazwa nyuma ya ukuta wa mawe. Mkazi wa Mwanza hahitaji kuchorewa picha hii, maana mjini kwetu hakuna anayechimba msingi bila kwanza kushauriana na mawe. Huko nyuma mafundi walisafisha mwamba wakamwaga zege juu yake. Mbele walipanga mawe, wakajaza moramu, wakashindilia, na jamvi lile lile la zege likaendelea hadi mwisho wa nyumba. Bafu ninalolizungumzia limeangukia kwenye mpaka wa pande hizo mbili.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu anayeishi na mama yake mzazi. Aliniita kwa sababu ya ukuta wa mawe wa mbele, wala si kwa sababu ya bafu. Chini ya ukuta huo palikuwa na unyevu wa kudumu, na kuvu ya kijani ilikuwa imeota kwenye maungio ya mawe, tena kiangazi, wakati hakuna hata tone la mvua. Nilimwomba wahamie bafu la uani kwa siku kadhaa. Unyevu ukapungua kiasi cha kuonekana kwa macho. Basi chanzo, au sehemu kubwa ya chanzo, kilikuwa maji ya kuoga.

Bafu la ndani lilikuwa la kawaida kabisa: sakafu ya tailizi yenye mteremko kuelekea tundu la maji lililoko kona ya nyuma. Sina ugomvi na bafu la aina hiyo. Nyumba nyingi zinalo na zinadumu nalo miaka. Ila tailizi na grauti, ile saruji laini inayojaza mianya kati ya tailizi, si kizuizi cha maji. Kinachozuia ni dawa inayopakwa chini yake, na hapa haikupakwa dawa yoyote. Grauti ilikuwa imelika, na katikati ya chumba, sambamba na mlango, tailizi nne zilikuwa zimepasuka kwa mstari mmoja. Tulipozibandua tukakuta ufa kwenye jamvi, mwembamba wa kupitisha kucha, hasa pale ambapo zege linatoka kwenye jabali na kuingia kwenye kifusi. Upande wa jabali haushuki. Upande wa kifusi ulishuka kidogo miaka ya mwanzo. Ndani ya ufa kulikuwa na vumbi lililogandamana na saruji ya kubandikia tailizi iliyopenya humo ikiwa mbichi, maana yake ufa ulikuwepo kabla ya tailizi. Hapakuwa na dalili ya mpasuko mpya. Ulikuwa ufa wa zamani uliotulia, ingawa sikuwa tayari kuapa kwamba hautasogea tena.

Mtoto wa mwalimu alikuwa ameshatuma trei ya shawa, yaani beseni pana la kina kifupi la kusimamia unapooga, kutoka Dar es Salaam. Kama isingekuwepo, pengine ningeshauri wapake dawa ya kuzuia maji na kuweka tailizi upya, kwa sababu ni kazi ambayo kila fundi wa hapa anaimudu. Lakini juu ya jamvi lenye ufa trei ina faida yake: ni kipande kimoja, haina maungio katikati, na sakafu ikisogea kidogo chini yake hakuna grauti ya kupasuka. Kwa hiyo sikuona sababu ya kubishana na trei. Tulichobishania ni namna ya kuikalisha.

Yenyewe ni ya akriliki iliyoimarishwa kwa fiberglasi, sentimita 90 kwa 90, ukingo wa sentimita 4, tundu la milimita 90 karibu na kona moja. Chini imebandikwa ubao uliofunikwa wote kwa fiberglasi, kwa hiyo kitako chake ni bapa. Ndani ya boksi mlikuwa na miguu mitano ya plastiki ya kurefusha kwa skrubu, trapu (kile kikombe cha chini ya tundu kinachobakiza maji ya kuzuia harufu), na karatasi ya maelekezo kwa lugha nne ambazo Kiswahili si mojawapo. Karatasi hiyo iliruhusu njia mbili: kuisimamisha juu ya miguu, au kuilaza yote juu ya tandiko la mota, yaani saruji na mchanga. Hili ni la kusoma kabla ya kitu kingine, kwa sababu kuna trei zenye mbavu chini ambazo hazitaki mota, na kuna nyingine nzito za mchanganyiko wa mawe na resini ambazo zinataka mota tu.

Kila fundi alikuja na lake. Fundi bomba alitaka miguu, kwa sababu inamwachia nafasi ya kupitisha mabomba. Fundi tailizi alitaka tujenge kijiukuta cha tofali kuzunguka, tujaze mchanga ndani, kisha trei ilale juu. Seremala, ndugu wa familia, alitaka fremu ya mbao za paini mbili kwa nne.

Mbao tulizikataa mapema. Sehemu yenye giza na unyevu chini ya trei, ndani ya nyumba iliyokaa juu ya kifusi, ni kuwaita mchwa kwa jina. Mchanga mtupu nao una ubaya wake: haushikani, ukipata maji unashuka, na ukishashuka trei inabaki ikining'inia bila mtu kujua. Wapo wanaopuliza povu la kujaza nafasi. Povu hilo ni la kuziba upenyo, halikutengenezwa kubeba mtu. Zikabaki mbili, miguu na mota, na hapo ndipo nilipomtafuta mtu ambaye hakuna fundi aliyekuwa amemuuliza kitu: bibi, mama yake mwalimu.

Bibi anaogaje?

"Shikamoo mama. Samahani kwa swali, ukiingia bafuni unaogaje?"

"Marahaba mwanangu. Naoga nimekaa. Miguu hii haina tena habari ya kusimama."

Anakaa kwenye stuli ya plastiki ya miguu minne. Mbele yake kuna ndoo ya lita 20 yenye maji yaliyochanganywa ya moto na baridi, na kopo. Shawa ipo ukutani lakini haitumii, na si kwa sababu ya uzee tu. Nyumba ina tenki la lita 1000 juu ya mnara mfupi, na maji ya tenki yako kama mita 2 tu juu ya kichwa cha shawa. Mita 10 za kimo hutoa takriban bari 1. Mita 2 zinatoa bari 0.2, na hiyo inatosha kudondosha maji lakini haitoshi kuoga ukafurahi. Mwalimu mwenyewe anaoga kwa kopo.

Trei hii imebuniwa kwa ajili ya mtu anayesimama pekupeku chini ya shawa. Uzito wake unatua kwenye nyayo mbili pana na laini. Bibi atakuja na kitu kingine: miguu minne ya stuli, kila mmoja na kitako kisichozidi upana wa kifuniko cha soda, ikibeba mtu mzima anayeinama mbele na kurudi nyuma wakati wa kujisugua. Pembeni kuna kilo 20 za ndoo zinazotuliwa kwa kishindo kila siku, pengine mara mbili. Trei ikiwa juu ya miguu mitano, minne kwenye kona na mmoja katikati, kati ya mguu na mguu kuna nafasi ya zaidi ya nusu mita bila kitu chini. Mguu wa stuli ukitua hapo, trei inabonyea. Haivunjiki siku hiyo. Inabonyea na kurudi, inabonyea na kurudi, na kila mara ukingo wake unavuta silikoni iliyoko ukutani. Silikoni ikiachia upande mmoja, maji yanapita nyuma ya trei, yanashuka kwenye ufa, na tunarudi kwenye ukuta wa mawe uliolowa.

Miguu ingefaa kama ingekuwa bafu la kijana wa shawa. Hapa mota ilishinda kabla sijatoa futi kamba mfukoni.

Futi kamba ilikuja kwa sababu ya kimo cha kupanda. Tundu la zamani lilikuwa upande wa jabali, na bomba lake lilisafiri mita 2 hadi ukuta wa nje. Trapu inahitaji kama sentimita 9 chini ya trei ili ibakize sentimita 5 za maji zinazozuia harufu. Bomba la mita 2 kwa mteremko wa moja kwa arobaini, yaani sentimita 2.5 kila mita, linakula sentimita 5 nyingine. Ongeza 4 za trei yenyewe, toa 1.5 za tailizi na gundi ya sakafu ya nje: unapata ngazi ya sentimita 16.5. Kwa bibi wa stuli hiyo ni ngazi kamili, na imelowa. Kuchimba jabali ili kuishusha halikuwa wazo la kujadiliwa. Tindo iliruka kama imegonga reli.

Jibu lilikuwa kuigeuza trei. Tuliizungusha mpaka kona yenye tundu ikaangukia upande wa kifusi, sentimita 70 tu kutoka ukuta wa nje. Kule jamvi na sakafu ya juu yake vina unene wa kama sentimita 14, na chini ni moramu inayochimbika. Kwa kuwa jamvi hilo limelala ardhini na si la ghorofa, kulikata kimfuko kidogo hakudhuru nyumba. (Jamvi la ghorofa lina nondo zinazofanya kazi. Usimruhusu fundi yeyote alitoboe kwa ajili ya trapu bila kumuuliza aliyelichora.) Tukakata kwa grinda kimfuko cha trapu na mfereji wa bomba hadi ukutani. Nje kiwanja kinashuka chenyewe hadi kwenye chemba, kwa hiyo mteremko haukuwa tatizo tena. Trapu ikazama sakafuni, trei ikalala juu ya mota ya sentimita 2.5. Ngazi ya mwisho: sentimita 5 juu ya tailizi za nje.

Ukubwa wa bomba nao uliamuliwa na ndoo. Eneo la ndani la trei ni kama sentimita 82 kwa 82. Bibi au mjukuu akiimwaga ndoo nzima ya lita 20 kwa mkupuo, maji yanapanda sentimita 3 kabla tundu halijayameza, na kina cha trei ni sentimita 3.5. Inabaki nusu sentimita kabla hayajatapikia mlangoni. Fundi bomba alikuwa ameleta bomba la inchi moja na nusu. Tukalirudisha dukani mtaa wa Rufiji tukachukua la inchi mbili. Trei zile nyembamba sana ambazo sasa ni fasheni zingeshindwa mtihani huu siku ya kwanza.

Trapu inayozikwa

Hapa ndipo kazi nyingi za mota zinapoharibika. Trapu iliyokuja na boksi inafunguliwa kutoka chini. Kwa trei ya miguu si neno: unaacha kipande cha mbele kinachotoka, unaingiza mkono. Kwa trei iliyolala kwenye mota, trapu ya namna hiyo ikiziba kwa nywele na mabaki ya sabuni, njia ni moja, kuvunja. Tulitafuta inayofunguka kutoka juu: unainua kifuniko cha kromu, unachomoa kikombe, unakisafisha, unakirudisha. Ilipatikana, ingawa si duka la kwanza wala la pili. Isingepatikana ningebadili shauri zima, nikarudi kwenye miguu, lakini nikaongeza mistari ya tofali chini ya kitako cha trei na kuacha mlango wa mbele.

Kabla ya kufunika chochote tulilijaribu bomba peke yake. Fundi alimwaga ndoo baada ya ndoo kwenye trapu huku mwenzake akipapasa kila kiungo kwa karatasi ya chooni iliyo kavu. Karatasi inaonyesha tone ambalo kidole chenye maji hakiwezi kulisikia.

Ufa tuliufungua kidogo kwa grinda, tukaujaza, kisha tukalaza juu yake utepe wa nailoni nzito wenye upana wa sentimita 30. Kazi ya nailoni ni kuifanya mota isishikane na zege mahali pale tu. Jamvi likisogea unywele mmoja, mota iliyoshikana nalo moja kwa moja ingepasuka kwa mstari ule ule. Iliyotenganishwa ina nafasi ya kuvumilia.

Mchanga nao ulikuwa na hadithi yake. Jirani alijitolea kuleta wa ufukweni. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi ya kudhuru saruji kama mchanga wa baharini, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kuharibu, na uchimbaji wa mchanga ni mojawapo ya hizo, mtu apende asipende. Tuliutumia wa dukani baada ya kuupima kwa chupa: mchanga nusu, maji juu, tikisa, acha utulie. Tope laini linalokaa juu ya mchanga likizidi kama asilimia 8 ya kimo chake, mchanga huo uoshwe au uachwe. Huu ulipita.

Mchanganyiko ulikuwa saruji moja kwa mchanga tano, maji machache, kiasi kwamba ukikamata konzi linabaki bonge bila kuchuruzika. Kwa eneo lile na unene ule inatakiwa kama lita 20 za mota, yaani ndoo ile ile ya bibi. Robo ndoo ya saruji, basi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba tandiko kamili ni ghali kuliko vidonge vitano vya mota, ambavyo kwa kweli ni miguu mitano kwa jina jingine.

Mota ilitandazwa eneo lote isipokuwa kimfuko cha trapu, ikakwaruzwa mistari kwa mwiko wa meno ili hewa ipate pa kutokea. Trei ikashushwa, ikakandamizwa kwa viganja. Halafu nikaomba iinuliwe. Fundi alinitazama kwa namna ya "mzee huyu vipi," lakini akainua. Chini ya ubao mota ilikuwa imechapa karibu kila mahali, isipokuwa upande wa mlango, palipobaki duara kavu la ukubwa wa sahani. Ni pale pale ambapo mguu wa stuli ungetua, na mtu angeoga juu ya shimo hilo bila kulijua. Tukaongeza mota, tukaishusha tena, na safari hii tukaiacha.

Ubishi wa mwisho ulikuwa pima maji. Fundi alitaka trei ilale kidogo kuelekea tundu ili maji yaende haraka. Ni mazoea ya sakafu ya tailizi, na kwa sakafu ya tailizi yuko sahihi. Trei inakuja na mteremko wake ulioumbwa ndani. Ukingo unatakiwa uwe sawa kabisa pande zote. Ukiulaza, maji ya ukingoni yanakimbilia kona moja ya ukuta na kukaa juu ya silikoni. Kiputo kikawekwa katikati, pande zote nne na mishazari yote miwili. Hakuna aliyekanyaga hadi kesho yake.

Kwenye kuta tatu tulikuwa tumebandua mstari wa chini wa tailizi na kuchimba plasta kiasi cha sentimita 1, ukingo wa trei ukaingia humo. Tailizi mpya zikashuka juu ya ukingo, zikaacha upenyo wa milimita 3, ili maji ya ukutani yaangukie ndani ya trei badala ya kutafuta njia nyuma yake. Silikoni nyeupe ya bafuni, ile yenye harufu ya siki, ilipakwa trei ikiwa imebebeshwa ndoo mbili zilizojaa, kisha ikaachwa ikauke siku nzima. Ikikauka trei ikiwa tupu, uzito wa kwanza ndio unaoivuta.

Mwalimu alipewa masharti machache. Sufuria inayotoka jikoni moja kwa moja isiwekwe juu ya trei, maana akriliki hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100. Maji yachanganywe kwanza, ndoo ndiyo iingie. Isisuguliwe kwa mchanga wala steelwool. Stuli tuliivisha vifuniko vya mpira miguuni, vile vya fimbo za wazee, kwa sababu plastiki ngumu ikikwaruza akriliki kila siku inaufuta mng'ao. Kikombe cha trapu kichomolewe na kuoshwa mara kwa mara, kabla maji hayajaanza kusuasua.

Ukuta wa mawe ulikauka kiangazi chote kilichofuata, kuvu ikageuka kahawia ikabanduka kwa ufagio. Mvua za vuli zilipoanza unyevu ukarudi, ila sasa mahali pengine, kama mita 2 pembeni, na unakauka siku chache baada ya mvua kukatika. Hayo si maji ya kuoga. Yanateremka juu ya jabali kutoka kwa majirani wa juu, yanafika nyuma ya nyumba na kupita chini ya jamvi. Trei haiwezi kuyafanya lolote. Mwalimu ameshaelewana na fundi wa kujenga mfereji wa zege nyuma ya nyumba, unaoyakusanya maji yale kabla hayajafika kwenye msingi na kuyazungushia pembeni hadi mtaro wa barabara, na kwenye ukuta wa mawe watatoboa matundu ya kupumulia, ambayo aliyeujenga hakuyaacha hata moja.